Moto mmoja, mizani minne: kaya ya Makete mbele ya vipimo vya ukosefu wa mahitaji

Kaya inayochambuliwa hapa iko Makete, mkoani Njombe, kwenye miinuko ya upande wa Kitulo, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani ya viazi na watu huanza kuota moto jua likikaribia kuzama. Ni kaya ya mfano. Haikuchukuliwa kutoka kwenye nyumba ya mtu yeyote, bali imeundwa kwa sifa ambazo mtu aliyeishi Nyanda za Juu Kusini atazitambua moja baada ya nyingine. Swali ni la kitakwimu, ingawa lina matokeo kwa watu: je, kaya hii imekosa mahitaji ya lazima, na je, ukosefu wake unaweza kuwekwa kwenye jedwali moja na ukosefu wa kaya iliyoko Ureno au Bulgaria?

Wanaoishi humo ni sita: baba mwenye miaka 44, mama mwenye miaka 39, bibi aliyevuka 70, binti wa miaka 16, mvulana wa miaka 11 na mtoto mdogo wa miaka minne. Baba alimaliza darasa la saba, na mvulana yuko shuleni. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na imeezekwa kwa bati, lakini haina dari, na sakafu ni ya udongo. Maji hutoka kwenye kituo cha bomba la mserereko kilicho karibu. Umeme umeingia, na kaya hununua uniti za LUKU pesa inapopatikana. Choo ni cha shimo lililofunikwa kwa magogo na udongo. Wana redio na simu ya kitochi. Wanapika kwa kuni zinazotoka kwenye kishamba chao cha milingoti, na jikoni ndimo wanamokaa jioni yote, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye joto. Mtoto mdogo, akipimwa urefu, anakutwa na udumavu.

Sifa hiyo ya mwisho haikuongezwa ili kuhuzunisha. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, ilhali Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Mikoa hii inalisha miji ya nchi kwa mahindi na viazi, na bado ndiyo iliyokuwa na viwango vya juu kabisa. Anayedhani kwamba ukosefu ni ghala tupu tu atapotea njia mapema katika kisa hiki.

Mizani ya kwanza ni kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo (UNDP) pamoja na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Oxford, na ambacho sasa kinatumika kulinganisha zaidi ya nchi 100. Kina nyanja tatu zenye uzito sawa, yaani afya, elimu na hali ya maisha. Tukiugawa uzito wote katika sehemu 18, lishe na vifo vya watoto hubeba sehemu tatu kila kimoja, miaka ya shule na mahudhurio vivyo hivyo, kisha nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na vyombo vya kaya hubeba sehemu moja moja. Kaya inayofikisha theluthi moja, yaani sehemu sita, huhesabiwa kuwa maskini.

Kaya yetu inapita kwenye elimu, kwa kuwa yupo aliyefikisha miaka sita ya shule na mtoto wa umri wa shule anahudhuria. Inapita kwenye maji na umeme, na kwenye vyombo pia, kwa kuwa redio na simu vinatosha kuivusha. Inaanguka kwenye lishe kwa sababu ya mtoto mdogo: sehemu tatu. Inaanguka kwenye choo, kwenye sakafu ya udongo na kwenye kuni: moja, moja, moja. Jumla ni sita kati ya 18, na hivyo imesimama juu ya mstari wenyewe na inahesabiwa kuwa maskini.

Tuseme sasa kwamba kaya inapewa mtungi wa gesi wa kilo sita, jambo lisilo la ajabu wakati huu ambapo mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ulioanza mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ikiwa ndiyo nishati kuu, alama inashuka hadi tano kati ya 18, na kaya inatoka kwenye hesabu ya maskini na kuingia kwenye kundi la walio hatarini. Au tuseme hakuna mtungi uliokuja, ila mtoto ametimiza miaka mitano. Tafiti za aina hii kwa kawaida hupima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano na miili ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na bibi yuko nje ya umri unaohesabiwa. Mama na binti wakiwa na uzito wa kutosha, sehemu tatu za lishe zinafutika. Mtoto ni yule yule na kimo chake ni kile kile, lakini sikukuu yake ya kuzaliwa imeitoa familia nzima kwenye umaskini.

Jambo hili halikibatilishi kipimo. Kiliundwa kusoma mamilioni ya kaya kwa pamoja, na katika idadi hiyo watoto wanaovuka miaka mitano hufuatwa na wengine wanaozaliwa. Kosa huanza pale mtu anapoichukua alama ya kaya moja na kuifanya hukumu. Kuhusu kuni, ni haki pia kusema kwamba kiashiria hicho kina sababu nzito: moshi wa ndani huumiza mapafu, na wanaouvuta zaidi ni mama na mtoto anayembeba mgongoni. Nitakachopinga si kuhesabiwa kwa moshi, bali ni kutohesabiwa kwa kitu kingine kinachotoka kwenye jiko lile lile.

Mizani ya pili inatoka Umoja wa Ulaya. Orodha yake ya sasa ina vitu 13, na imechukua nafasi ya ile ya vitu tisa iliyokuwa na televisheni, mashine ya kufulia na simu, vitu ambavyo karibu kila kaya ya huko sasa inavyo na hivyo havimtenganishi tena mwenye nacho na asiyenacho. Anayekosa saba au zaidi kati ya 13, kwa kushindwa kumudu, huhesabiwa kuwa katika ukosefu mkubwa. Saba ni vya kaya: kukabili gharama ya ghafla, likizo ya wiki moja nje ya nyumbani kila mwaka, kutokuwa na malimbikizo ya kodi ya nyumba, bili au mikopo, mlo wa nyama, kuku, samaki au mbadala wake kila baada ya siku moja, nyumba yenye joto la kutosha, gari, na kubadilisha samani zilizochakaa. Sita ni vya mtu binafsi: intaneti, nguo mpya badala ya zilizochakaa, jozi mbili za viatu vinavyofaa, pesa kidogo ya matumizi yake kila wiki, burudani ya mara kwa mara, na kukutana na ndugu au marafiki kwa chakula au kinywaji angalau mara moja kwa mwezi.

Tumhoji mama. Malimbikizo hana: nyumba ni yao, mkopo hawakuchukua, na umeme wa LUKU haukopeshwi. Uniti zikiisha, giza linaingia, na giza hilo halina mahali pa kuandikwa, kwa kuwa kiashiria kiliundwa kwa ajili ya watu wanaoletewa bili mwisho wa mwezi. Deni la sukari na sabuni kwenye daftari la mwenye duka dodoso halikulifikiria. Mlo anaupita, maana maharage hayakosekani, na hapa ndipo tunapoona kwamba mlo unaotosha kwa orodha moja unaishi chini ya bati moja na udumavu unaosomwa na orodha nyingine. Kukutana na ndugu kunamtosha na kuzidi. Kanisa, misiba na ngoma havimpi mwezi wa kupumzika, na kwaya anayoimba inaweza kuhesabiwa kuwa burudani.

Anakosa likizo, akiba ya dharura, gari, samani, intaneti, jozi ya pili ya viatu (yeboyebo hazihesabiki, na za kanisani ndizo hizo hizo za kila safari), pesa ya wiki na nguo mpya. Jumla ni nane kati ya 13, yaani ukosefu mkubwa. Lakini orodha hii inatofautisha asiyeweza na asiyetaka. Kuhusu gari, mama anajibu kwamba hawana haja nalo, na anasema kweli, kwani njia ya kufika nyumbani kwake masika haipitiki kwa gari dogo. Kuhusu nguo, kipimo kinataka mpya, si za mtumba, naye anajibu kwamba koti la mtumba la soko la Mwanjelwa, Mbeya, linashinda jipya la dukani kwa uzito na kwa bei. Koti hilo yawezekana lilivuliwa na mtu wa Ulaya ambaye kuachana nalo kulimfanya ahesabiwe kuwa si fukara, na huku kulivaa kunamfanya mama ahojiwe kama ni fukara. Majibu hayo mawili yakiandikwa kama alivyoyasema, nane inakuwa sita, na ukosefu mkubwa umekwisha.

Hapa mdadisi mwenye uzoefu atasita, na ana haki. Neno «hatuna haja» katika vijiji vyetu mara nyingi ni adabu. Mtu anayeulizwa na mgeni mwenye kishikwambi kama ana hiki na kile hujibu kwamba anamshukuru Mungu, na kukiri kukosa mbele ya watoto ni jambo zito. Tena aliyekosa kwa muda mrefu huacha kutamani. Jibu moja linaweza kuwa uchaguzi, heshima au mazoea, na kisanduku ni kile kile. Kwa hiyo kanuni ya kumtenga asiyetaka, ambayo kwa nadharia ni ya haki, ndiyo inayopunja zaidi mahali ambapo watu wamefundishwa kutolalamika. Vilevile vitu sita vya mtu binafsi huulizwa kwa kila aliyefikisha miaka 16: baba, ambaye hakosi cha kilabuni Jumapili, anaweza kuwa na alama ndogo kuliko mkewe anayelala naye nyumba moja.

Mizani ya tatu ni ya fedha, na sitakaa juu yake sana. Mstari wa taifa wa mahitaji ya msingi katika utafiti wa mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu aliyehesabiwa sawa na mtu mzima, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Mstari wa kimataifa wa Benki ya Dunia, uliokuwa dola 2.15 kwa siku kwa bei za 2017, ulibadilishwa Juni 2025 kuwa dola 3.00 kwa bei za 2021, zote zikigeuzwa kwa uwezo wa kununua. Udhaifu wake kwa kisa chetu ni mmoja, na uko shambani. Kaya inakula viazi vyake yenyewe, na chakula hicho lazima kithaminiwe kwa bei. Ikiwa bei hiyo imetolewa kwenye gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, lililoandikwa kuwa kilo 100 ilhali kilemba chake kimelipandisha juu ya hapo, bei ya kilo moja inapanda kwenye karatasi, na viazi vilivyoliwa nyumbani vinapanda nayo. Mkulima anayepunjwa na mnunuzi barabarani anaonekana tajiri kidogo kwa sababu ya kupunjwa huko huko.

Mizani ya nne ni ya Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya watu barani Afrika, ambayo haihesabu vitu kabisa. Inauliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita wewe au mtu wa nyumbani kwako alikosa chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kutosha kupikia, na kipato cha fedha taslimu. Majibu hupewa alama kuanzia sifuri kwa «kamwe» hadi nne kwa «daima», kisha hutafutwa wastani. Kwa kaya yetu tuweke chakula moja, maji sifuri, matibabu mbili, nishati sifuri na fedha tatu. Wastani ni 1.2. Napenda unyofu wa kipimo hiki, kwa kuwa kinamhoji mtu kuhusu kukosa kwenyewe na hakimlazimishi kutaja samani.

Sasa turudi jikoni. Moto ule ule wa kuni umehesabiwa kwa namna zinazopingana. Kwa kipimo cha nyanja nyingi ni ukosefu, na ndio uliofikisha kaya kwenye theluthi. Kwa Afrobarometer ni utoshelevu, maana kuni hazijawahi kukosekana. Kwa orodha ya Ulaya, mama aliulizwa kama wanamudu kuipa nyumba joto la kutosha, akajibu ndiyo, akiwa anafikiria jikoni na kishamba cha milingoti. Mizani ya fedha inauona ikiwa tu mtu amezitia kuni thamani. Hakuna aliyekosea kusoma. Kila kipimo kimeuliza kazi moja ya moto na kuziacha nyingine, na kazi iliyoachwa na kipimo cha nyanja nyingi ni joto.

Sababu ya kuachwa inaeleweka: orodha ya dunia nzima huchagua yale ambayo tafiti za nchi zote zinayo, na nchi nyingi zinazopimwa zinafikiriwa kuwa za joto. Dhana hiyo ni dhaifu hata Ulaya kwenyewe. Mwaka 2023 wastani wa watu wa Umoja wa Ulaya walioshindwa kuzipa nyumba zao joto la kutosha ulikuwa asilimia 10.6, na waliokuwa juu kabisa hawakuwa watu wa Ufini, bali wa Hispania na Ureno, asilimia 20.8 kila nchi, na Bulgaria ikiwafuata kwa karibu sana. Mahali ambapo baridi huchukuliwa kuwa ya kupita, nyumba hujengwa bila kuikusudia, na mwenye kipato kidogo huilipia mwenyewe. Nyumba ya bati isiyo na dari, kwenye miinuko ya nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ina tatizo la namna hiyo hiyo, na kwa jambo hili kaya ya Makete iko karibu zaidi na kaya ya mashambani Ureno kuliko na kaya ya Bagamoyo.

Njia moja ya kutoka kwenye mkwamo huu ilifunguliwa Uingereza mwaka 1983, pale Joanna Mack na Stewart Lansley walipowauliza wananchi wenyewe ni vitu gani hakuna anayepaswa kuvikosa, wakahesabu kuwa vya lazima vile vilivyotajwa na zaidi ya nusu. Watafiti wameijaribu njia hiyo Benin na Uganda pia. Kinacholinganishwa hapo ni kanuni, na vitu vinaruhusiwa kutofautiana. Nikikisia orodha ambayo watu wa Makete wangeitoa, naona mablanketi, gambuti za masika, sare za shule na uwezo wa kutoa mchango wa msiba bila kukopa. Hilo la mwisho halimo katika orodha yoyote kati ya nne, na bado ndilo linalomtenga mtu kijijini haraka kuliko kukosa televisheni. Ila kanuni hii peke yake haitoshi kwa kulinganisha, kwa sababu wenye kidogo wanaweza kukubaliana juu ya kidogo, na nchi ikaonekana haina upungufu kwa kuwa haikudai mengi.

Kwa hiyo ningeshikilia orodha ya pamoja, lakini nibadilishe kinachoulizwa. Swali la Ulaya, «Je, mnamudu?», linachukulia kwamba joto hununuliwa. Makete joto hukatwa, hubebwa na huvutwa pamoja na moshi. Swali linalovuka mpaka ni kama kila mtu wa nyumba hulala bila kuhisi baridi katika miezi ya baridi, na kama joto hilo hupatikana bila moshi chumbani. Madodoso mapya ya tafiti za afya yameanza kuuliza kaya hutumia nini kuipasha nyumba, na hiyo ni hatua, ingawa kujua chombo si kujua kama joto linatosha.

Tujaribu kuliweka swali la kwanza, la kulala bila baridi, kama kiashiria cha saba cha hali ya maisha. Kila kimoja kati ya saba sasa kinabeba sehemu mbili kati ya 42, lishe inabeba saba, na mstari ni sehemu 14. Kabla ya mtungi wa gesi, moto wa jikoni ukiwa unatosheleza joto, kaya inakosa lishe, choo, sakafu na nishati safi: 13. Mtungi ukija na kuni zikaachwa kweli, nishati inapona na joto linaanguka: 13 tena. Kwenye kipimo cha sasa zawadi ile ile iliitoa kaya kwenye umaskini. Kwenye hiki haikuibadilisha alama hata kidogo, na nadhani mama angekubaliana na hiki. Gesi pamoja na dari, ikiwa dari inatosha kuzuia joto lisipotee, vinaishusha alama hadi 11.

Kuna gharama katika hesabu hii, na ni lazima isemwe. Kwa kuongeza kiashiria tumepunguza uzito wa choo, sakafu na kuni, na kaya iliyokuwa maskini kwa sehemu sita kati ya 18 sasa iko chini ya mstari kwa sehemu moja kati ya 42, kabla hata haijapewa chochote. Kama orodha ya wanufaika wa ruzuku inakatwa kwenye theluthi, ukweli zaidi kuhusu baridi umeinyima kaya hii msaada. Ndiyo maana ningetaka alama yenyewe ichapishwe kando ya ndiyo na hapana, pamoja na viashiria vilivyoijenga, ili halmashauri inayopanga kugawa mitungi Makete ione kwamba kuna nyumba ambazo hazina dari.